Visiwa Vinavyoazima Macho ya Wengine

Usiku ule nilimsindikiza binamu yangu hadi Terminal Three, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Ni muuguzi Ujerumani, alikuwa amekuja nyumbani likizo, na safari hii hakuwa anarudi kazini moja kwa moja. Alikuwa anaunganisha ndege Amsterdam kwenda Curaçao, kisiwa cha Karibi kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi, kwenye harusi ya mwenzake wa wodini. Mhudumu wa kaunta akaipokea pasi yake ya Tanzania, akafunua kurasa mbili tatu, akatazama kompyuta, akainua uso. “Kaka, kibali cha kule unacho?” Binamu akachomoa kwenye pochi kadi ya plastiki, kibali chake cha kuishi Ujerumani. Yule dada akaigeuza nyuma, akasoma tarehe, akaigeuza mbele, akalinganisha picha na sura iliyokuwa mbele yake. Haikupita dakika, begi likapanda kwenye mkanda.

Upande wa pili wa kamba alisimama dada yake wa tumbo moja, ameshika kanga mbili alizomnunulia bibi harusi. Naye alialikwa. Ana duka la vitenge Kariakoo, na mizigo yake imemfanya aende Guangzhou na Dubai na kurudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, bila kuzidisha siku hata moja. Pasi yake ni ileile ya kaka yake. Lakini kwake Curaçao ilitaka viza, na alipomaliza kuulizia makaratasi, harusi ilikuwa imeshafika mlangoni. Akampa kaka yake zile kanga, tukarudi mjini wawili.

Utaratibu uliowatenganisha ndugu hawa ni wa kawaida sasa katika visiwa vingi vya joto. Curaçao, Aruba, Bonaire na Sint Maarten humsamehe viza ya matembezi mtu mwenye kibali halali cha kuishi katika nchi za Schengen (zile za Ulaya zenye viza ya pamoja), Marekani, Kanada au Uingereza, hata kama uraia wake ungemlazimisha kuomba. Jamhuri ya Dominika inafanya hivyohivyo, tena inakubali hata viza hai ya nchi hizo. Kila kisiwa kina masharti yake: wengine wanataka ukaazi wa kudumu, kama ule wa grini kadi, wengine hutosheka na kibali cha kazi. Anayekagua kwa mara ya kwanza siyo ofisa wa kisiwa, ni mhudumu wa shirika la ndege kaunta, anayesoma masharti katika Timatic, mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kwa sababu shirika likimpandisha abiria asiyeruhusiwa, gharama ya kumrudisha ni ya shirika hilo, na mara nyingi faini pia.

Nimejaribu kujiweka kwenye nafasi ya watu wa visiwa vile, na kwa kweli hoja yao ina uzito. Aruba ina watu wapatao laki moja tu, hawafikii nusu ya wakazi wa Kigamboni. Nchi ya ukubwa huo haiwezi kufungua ofisi ya viza Dar es Salaam, Lagos na Dhaka, wala kuajiri maofisa wa kuchambua taarifa za benki za kila anayetaka kulala siku tano ufukweni. Berlin imeshamchunguza binamu yangu: rekodi yake ya polisi, vyeti vyake, mkataba wake wa kazi. Ana nyumba na mshahara wa kurudia. Kisiwa kinaazima macho ya Berlin, kinapata mgeni atakayelipa hoteli, teksi na chakula, na hakijatumia hata senti kumkagua. Na kwa binamu yangu, mtu anayefanya zamu za usiku kumi na moja kwa mwezi, kuambiwa mara moja tu maishani “karibu, pita” si jambo dogo. Nilimwona uso wake. Sitathubutu kumwambia kwamba heshima ile ni ya bandia.

Ila macho ya kuazima yanaona kile ambacho mwenyewe alitaka kukiona. Ujerumani ilimkagua kama muuguzi, kwa kuwa ilihitaji wauguzi. Haikuwa inauliza kama ni mtalii mwema. Dada yake, ambaye ana ushahidi wa hilohilo hasa, yaani mihuri ya kuingia na kutoka katika nchi mbili ngumu, hana safu ya kujaza kwenye fomu. Akiba yake, leseni yake ya biashara, risiti za kodi, vyote havina uzito wa ile kadi. Hapo ndipo ninapoona utaratibu huu unapokosea: umekubali kwamba Mwafrika anaweza kuaminika, kwa sharti kwamba awe ameshahama. Aliyebaki kujenga hapa ndiye anayebaki na foleni. Halafu anayeazima macho huazima na ugonjwa wake. Oktoba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya utalii au biashara anaweza kudaiwa dhamana ya hadi dola 15,000. Kisiwa kinachompokea mgeni kwa viza ya Marekani kimejikuta, bila kukaa kikao, kimewapandishia Watanzania kizingiti kwa kiasi hichohicho.

Kuna jambo watu wengi hapa mjini hawalijui, na mawakala wa tiketi hawalisemi mapema. Karibi haijafungwa kwetu yote. Mtanzania anaingia Barbados na Jamaica bila viza, na uanachama wetu wa Jumuiya ya Madola umesaidia sana katika hilo. Kizuizi kiko njiani. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, na ukipitia London, Uingereza inamdai Mtanzania viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja. Ukipitia New York au Miami ni lazima uingie Marekani kwanza, kwani wao hawana eneo la kuunganishia ndege bila uhamiaji. Ulaya bara kuna nafuu, maana Tanzania haimo kwenye orodha ya pamoja ya Schengen ya wanaodaiwa viza ya uwanjani, lakini ndege za huko kwenda Barbados na Jamaica si nyingi. Mwenye kibali cha nchi ya Ulaya anasamehewa ile viza ya London. Kwa hiyo faida kubwa ya kadi ya binamu yangu, ukiipima vizuri, imo kwenye korido za viwanja vya watu wengine kuliko kwenye fukwe zenyewe. Karibu na nyumbani habari ni tofauti kabisa: Mauritius hatuhitaji viza, Shelisheli haitudai viza ila kibali cha mtandaoni kabla ya safari, na Comoro wanaigonga uwanjani.

Kwa nini basi ndugu zetu wengi wanatembea na kadi badala ya pasi ya huko? Sheria ya Uraia ya 1995 hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Ukichukua uraia wa Ujerumani, wa Tanzania umekwenda. Binamu yangu angeweza kuomba, hataki, na ninamwelewa: ana kiwanja Bunju na mama yake yuko hai. Kadi inamwezesha kubaki Mtanzania bila kufungiwa dunia. Hiyo ndiyo sifa moja ya utaratibu huu ambayo siwezi kuipinga hata nikitaka.

Vibali vyenyewe navyo havilingani. Mayotte ni kisiwa cha joto, ni Ufaransa, na kiko jirani yetu kuliko Mauritius. Tangu 1995 Mkomoro wa kisiwa jirani anatakiwa viza kuingia huko, na wengi wamezama wakivuka usiku kwa mitumbwi. Aliyefika akapewa kibali cha ukaazi cha Mayotte, kwa miaka mingi kibali hicho kimemruhusu kuishi Mayotte tu. Kwenda Réunion, kisiwa kingine cha Ufaransa, au Paris alihitaji ruhusa nyingine. Ni Ufaransa ileile inayotoa kadi ya Paris, ambayo mwenye nayo anatua Réunion bila kuombwa viza.

Swali linalotuhusu zaidi ni kama Zanzibar ifuate mkondo huo. Wapo wanaotamani, na naelewa kwa nini. Chukua Mhindi anayeishi Dubai kwa kibali cha kazi: ndege ya kuja Zanzibar ni ya moja kwa moja, lakini kabla hajalipia chumba ameshatoa dola 50 za viza na dola 44 za bima ambayo Zanzibar iliifanya ya lazima kuanzia Oktoba 2024. Kumsamehe viza kungemvuta. Mimi sikubaliani nao kwa huyo. Viza ya mtandaoni anaipata akiwa sebuleni kwake, na dola 50 hazimzuii mtu aliyeshaamua kulala Nungwi. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo uamuzi hautatoka Zanzibar peke yake, na Hazina haitaiachia ada hiyo kirahisi.

Ninaowahurumia ni raia wa zile nchi ambazo maombi yao ni lazima yapelekwe kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji kabla ya kupewa viza, na majibu huchukua muda mrefu kuliko likizo ya mtu. Hawa walipe ada kama wengine, lakini kibali halali cha ukaazi cha nchi nyingine kitoshe kuwatoa kwenye rundo hilo. Na vibali vitakavyotambuliwa, cha Nairobi na cha Johannesburg viandikwe ukurasa mmoja na cha Berlin, na mtu aliyekwisha kuja Zanzibar mara tatu akatoka kwa wakati, mihuri yake ihesabiwe pia, hata kama hana kadi ya nchi yoyote.