Ami Yangu na Meli Iliyokaa Eda

Wenzangu waliohamia Uingereza wamebahatika kupata miji isiyo na kitu cha kutazama. Mgeni akija anapikiwa pilau, anaoneshwa duka kubwa, kesho yake anasindikizwa stesheni. Mimi Mungu kaniweka Portsmouth. Kila ndugu akitua, lazima apelekwe bandarini akaone meli za kale. Mpelekaji mimi, mlipaji mimi, na asubuhi hiyo ndiyo nimetoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu kama pilipili. HMS Victory nimeshaiingia mara tisa. Nelson, amiri wa Kiingereza aliyepigana ndani yake, akifufuka leo, mimi ndiye wa kumwonesha choo kiko wapi.

Mwaka huu akaja Ami kutoka Nungwi. Ami ni fundi wa majahazi, miaka arobaini na tezo mkononi. Mtu kama huyo humpeleki kutazama meli. Ni sawasawa na kumwalika mpishi wa harusi kwa jirani: hali, anakagua.

Tukafika gatini kwa Victory. Jukwaa la mafundi limeizunguka, turubai juu, milingoti imeng'olewa. Ami akasimama akaitazama kwa huruma.

"Mbona imefunikwa gubigubi? Imekaa eda?"

Nikamweleza: matengenezo makubwa, yameanza 2022, mbao zimeoza na wadudu wamezitoboa. Meli imeshushwa majini 1765, Ami, si mtoto.

"Na maji yenyewe yako wapi?"

Hakuna. Iko kwenye gudi kavu tangu 1922. Hapo nikafanya kosa la kuongeza kwamba bado imo kwenye daftari la jeshi la majini, na ina mkuu wake wa meli.

Ami akavua kofia. "Miaka mia na ushei haijalowa mkuku, na nahodha anakula mshahara? Mwanangu, kazi hiyo huombwa wapi?"

Ndani dari ni la kuinamia. Mimi nimeshajifunza, natembea kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Ami akagonga kichwa mara tatu, kila mara anailaumu mbao kwa jina lake la ufundi. Tulipofika habari ya Nelson kupigwa risasi kwenye vita vya baharini vya Trafalgar, Oktoba 1805, na maiti yake kurudishwa nyumbani ndani ya pipa la brandi isiharibike, Ami akanishika mkono. "Ndani ya pipa la ulevi? Astaghfirullah. Tutoke humu."

Nje tukakutana na mzee mmoja wa Kiingereza, mstaafu anayeelekeza wageni, mpole kama maziwa. Akauliza tumetoka wapi. Zanzibar, nikasema. Uso wa Ami ukabadilika.

"Mwambie," akasema, "mwaka 1896 manowari zao zilikuja zikatupiga mizinga asubuhi, dakika 40 hivi, jumba la Sultani likawa kifusi. Mwambie wakaizamisha na Glasgow, meli yetu, tena ilijengwa huku huku kwao. Milingoti yake ikabaki inachungulia juu ya maji mpaka 1912, na watu walikuwa wakiitazama bure. Bure! Wala hatukuweka mlango."

Nikamgeukia mzee: "Anasema meli ni nzuri sana."

Mzee akafurahi, akashukuru. Ami akanikazia macho. "Mbona yangu ndefu na yako fupi?"

"Kiingereza ndivyo kilivyo, Ami."

Tukaingia kwa Mary Rose. Huko nilidhani nitapumua, kumbe ndiko nilikofungwa saa mbili. Meli ile ya Mfalme Henry wa Nane ilizama Julai 1545 vitani na Wafaransa, karibu kabisa na pwani, mfalme mwenyewe anatazama. Watu wapatao 500 walikuwamo, waliopona hawakufika hata 40. Ikalala chini ya tope mpaka Oktoba 1982, ikaopolewa ubavu mmoja, mwingine umeliwa na bahari. Miaka wakainyunyizia maji, kisha dawa mithili ya nta, mbao zisipasuke.

Ami hakutaka nta. Alitaka kujua ilizamaje. Nikamwambia inasemekana ilikuwa inageuka, upepo ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga yaliyoachwa wazi.

"Yaliachwa wazi! Na yako karibu na maji namna ile!" Akasema kwa sauti, watoto wa shule wakageuka. Akaanza kuwagombeza marehemu kwa Kiswahili, omo mpaka tezi. Mlinzi akanitazama. Nikamwambia anaomba dua.

Halafu akanyamaza ghafla. Tulikuwa mbele ya vyombo vya seremala wa meli: randa, nyundo za mbao, mpini wa keke. Chuma kimeliwa na chumvi, mbao zimebaki, zimelainishwa na viganja vya mtu. Kando yake mifupa ya mbwa aliyekutwa mlangoni pa chumba cha seremala yule. Ami akaweka kiganja juu ya kioo. "Fundi mwenzangu," akasema. Nami kwa mara ya kwanza katika safari zangu zote sikutazama saa.

Mnara wa Spinnaker tuliutazama kutoka chini. Mita 170, una sakafu ya kioo juu, na kupanda kunalipiwa. Ulikusudiwa kuukaribisha mwaka 2000, ukafunguliwa Oktoba 2005. Mimi nikichelewa zamu dakika tano nakatwa, sitaki kusema mengi.

Chakula tulikula Southsea, pwani ya mawe matupu. Ami akauliza mchanga umeibwa na nani. Kabla sijajibu, shakwe mmoja akashuka akabeba kipande changu cha samaki. Cha Ami hakukigusa. Hata ndege wa hapa wanajua mgeni ni nani na mlipaji ni nani.

Ami karudi Nungwi, nikasema nimepona. Juzi kanipigia simu kwa video. Nyuma yake naona ile mashua ya marehemu babu, iliyopasuka tangu mimi mdogo, imeinuliwa juu ya magogo, kamba imeizunguka, na kapu la tezo na keke zake kuukuu limefunikwa kwa kioo cha dirisha. Mwanawe kakaa mlangoni na daftari.

"Haigusi maji," akasema kwa fahari, "na nahodha nimejiteua mimi."

Nikacheka, nikamwambia nikija Desemba nitaizuru.

"Karibu," akasema. "Lakini wewe unaishi Uingereza. Utalipa bei ya mgeni."