Kipokezi si kufuli

Nilipokuwa shule, mwalimu wetu wa baiolojia alichora kufuli ubaoni, akachora na ufunguo pembeni. Kufuli ndiyo kipokezi, yaani protini ya seli inayopokea habari za nje, ufunguo ndiyo kemikali. Ufunguo ukiingia, mlango unafunguka. Tukanakili, tukajibia mtihani, tukapata maksi. Simlaumu, maana mfano ule unakaa kichwani. Lakini kadiri ninavyosoma habari za bakteria ndivyo ninavyoona ulivyotunyima utamu wenyewe.

Mchukue E. koli, mpangaji wa siku zote katika utumbo wangu na wako. Urefu wake ni kama maikromita 2 tu, yaani sehemu mbili za milioni za mita. Ana mikia myembamba inayozungushwa na mota zilizopachikwa kwenye ngozi ya seli. Mota zikizunguka kinyume cha mshale wa saa, mikia inajisokota kuwa fungu moja na bakteria anakwenda mbele kwa muda wa sekunde moja hivi. Mota zikibadili upande, fungu linafumuka, naye anabiringika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kisha anashika njia kuelekea kokote alikotazama. Usukani hana. Anachoweza kuamua ni kimoja tu: abiringike sasa, au aendelee kidogo?

Na hilo moja linamtosha. Howard Berg na Douglas Brown, waliomwinda bakteria mmoja mmoja kwa hadubini ya kumfuatilia na kutangaza matokeo yao mwaka 1972, waliona kwamba akielekea kwenye kitu anachokipenda, safari zake hurefuka. Ni hivyo tu, na anafika.

Uamuzi huo unaanzia kwenye vipokezi, maelfu yao, vilivyojazana zaidi kwenye ncha za seli kwa mpangilio wa sega la nyuki. Kimoja kinaitwa Tar, nacho hunusa aspateti, mojawapo ya asidi amino. Kichwa chake kiko nje ya utando, yaani ile ngozi ya seli, mkia uko ndani. Mkiani imeshikana na protini iitwayo CheA, ambayo kazi yake ni kumbandika kijikundi cha fosfeti mjumbe wake, protini nyingine iitwayo CheY. Mjumbe akishabebeshwa mzigo huo huenda hadi kwenye mota na kuigeuza, bakteria akabiringika. Sasa aspateti inapotua kichwani mwa Tar, mhimili mmoja wa kipokezi husogea umbali unaokaribiana na upana wa atomu moja. CheA inapoa. Wajumbe wanapungua, mota hazigeuki, safari inaendelea. Kwa bakteria huyu habari njema haipigiwi mbiu ya mgambo. Huja kwa ukimya.

Hapa ndipo kufuli linaponishinda. Kama Tar ingekuwa kufuli, bakteria aliyezama kwenye aspateti tele angekwenda moja kwa moja bila kubiringika tena. Robert Macnab na Daniel Koshland, mwaka huo huo wa 1972, waliwahamisha bakteria ghafla kutoka kiwango kimoja cha kemikali hadi kingine, na huko walikofikia kiwango kilikuwa sawa kila upande. Kiwango kilipopanda, bakteria walinyoosha safari zao. Baada ya muda wakarudia mwendo wao wa kawaida, ingawa kemikali ilikuwa bado ipo.

Mgeni akiingia jikoni kunakochemshwa papa mkavu, anasikia harufu tangu mlangoni. Aliyeshinda humo tangu asubuhi hasikii kitu. Amezoea. Tar nayo huzoea: kimeng'enya CheR huibandika vijikundi vya methili kwenye sehemu nne maalumu, na kingine, CheB, huvibandua. Vikiongezeka, CheA inarudi kazini licha ya aspateti kujaa. Kwa hiyo kichwa cha kipokezi kinasema kilichopo sasa, na methili mkiani zinasema kilichokuwapo sekunde chache zilizopita. Kinachopelekwa kwa mota ni tofauti kati ya hayo mawili. Hiyo ni kumbukumbu, na sioni haya kuiita hivyo, hata kama mwenyewe hana chembe ya ubongo.

Wapo watakaosema bakteria anafuata shibe tu. Julius Adler wa Wisconsin alilimaliza hilo mwaka 1969: bakteria waliopoteza uwezo wa kuitumia sukari ya galaktosi bado waliikimbilia. Walikuwa wakiinusa yenyewe, si faida yake.

Nikiri lakini kwamba yuko mmoja anayenitibulia hoja. Helikobakta pailori, anayewasababishia watu wengi vidonda vya tumbo, hana CheR wala CheB. Hata hivyo hunusa asidi na kuikimbia, huku akiifuata yurea, mpaka ajichimbie kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Akinyimwa uwezo huo, huhangaika kuweka makazi kwenye matumbo ya panya wa maabara. Maelezo yangu ya methili hayamhusu, basi. Kufuli la mwalimu wangu nalo halimhusu, maana kufuli halijawahi kumwonyesha mtu njia ya kutoka kwenye asidi.