Tuliogopa sarafu, tukaisahau hewa

Machi 2020 wasiwasi ulianzia mikononi. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16, Arusha, na kesho yake shule zikaanza kufungwa. Kuanzia hapo kila kinachoshikika kikatiliwa shaka: noti ya muuza genge, bomba la kushikilia kwenye daladala, kitasa cha choo cha pamoja, karatasi ya mkate. Nyanya zilioshwa kwa sabuni ya unga, sarafu zikaanikwa juani, chenji ikapokelewa kwa ncha za vidole.

Hofu ile ilikuwa halali. Ugonjwa ulikuwa unaua, chanjo haikuwepo, na hakuna aliyejua utaisha lini. Ninacholalamikia ni mahali hofu ilipoelekezwa. Nguvu nyingi ilikwenda kwenye vitu, hewa ikaachwa. Mpaka leo ukimuuliza mtu korona ilizuiwaje, atakutajia ndoo na sabuni kabla hajataja dirisha.

Chanzo cha kupotoka huko kinajulikana. Tarehe 17 Machi 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la maabara: kirusi kilionekana kikiwa hai juu ya plastiki hadi saa 72, juu ya boksi la karatasi hadi saa 24, juu ya shaba saa 4. Namba hizo zilisambaa kwenye simu kwa kasi ya ajabu. Lakini utafiti huohuo ulikuwa na matokeo mengine: kirusi kilichopulizwa hewani kilibaki hai muda wote wa jaribio, yaani saa 3. Hilo halikusambaa. Tarehe 28 Machi Shirika la Afya Duniani likatangaza mitandaoni kwamba korona haisambai kwa hewa, ila kwa matone mazito yanayoanguka haraka. Baada ya tamko kama hilo, nani angehangaika na dirisha?

Ushahidi wa upande wa pili ulikuwa umeshatokea. Tarehe 10 Machi, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington nchini Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Hawakukumbatiana wala kupeana mikono, na vitakasa mikono vilikuwepo. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Wenzake 52 waliugua, wawili wakafariki. Kwa wanaojua kwaya zetu, na jinsi zinavyojibana kwenye chumba cha nyuma ya kanisa jioni, tukio hilo moja lingetosha kuhamisha mazoezi yote yakafanyike chini ya mwembe. Julai 2020 wanasayansi 239 waliunga mkono waraka uliotaka suala la hewa litambuliwe rasmi. Aprili 2021 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kikaandika kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida uko chini ya 1 kati ya 10,000.

Sasa tuiangalie nyumba ya kupanga ya Manzese au Buguruni, Dar es Salaam. Vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, uani kuna choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba watu wanne, jumla 24. Kuwaambia watu hao wakae mita moja moja ni sawa na kuwaambia wahame. Na nyumba nyingi za namna hii hazina dari: ukuta unaishia chini ya bati, ndiyo maana ukipiga chafya chumba cha kwanza unaambiwa "pole" kutoka chumba cha tatu. Sauti inakopita, hewa nayo inapita.

Dirisha kwenye nyumba hiyo hufungwa usiku kwa sababu za maana: mbu, vumbi, faragha, na vibaka wanaovuta nguo kwa fimbo kupitia kwenye nondo. Ushauri wa "fungua dirisha" usiogusa mambo hayo manne ni maneno matupu. Wavu wa mbu upigiliwe kwenye fremu pande zote nne, kwa vipande vya mbao juu yake, kwa sababu ukipigiliwa misumari mitupu unachanika kwenye kona ndani ya wiki chache. Simu, nguo na pochi vihamie ukuta wa pili. Pazia zito libadilishwe, liwe fupi linaloficha nusu ya chini tu, ili nusu ya juu ibaki wazi. Hewa yenye joto hupanda, hivyo uwazi wa juu ndio wenye faida zaidi.

Halafu hewa inataka mahali pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja likiwa wazi na mlango umefungwa, hewa hubadilika polepole mno. Mchana fungua mlango wa chumba, mlango wa mbele wa nyumba na ule wa uani. Upepo utakatiza korido yote. Feni peke yake ndani ya chumba kilichofungwa haisaidii kitu: inazungusha pumzi zilezile. Iweke karibu na dirisha, uso wake ukitazama nje, itoe hewa ya ndani. Wengi huigeuza kinyume kwa sababu wanataka kupulizwa, na joto la Dar linaeleweka, lakini akiwepo anayekohoa chumbani, igeuzwe. Na huyo anayekohoa, mlango wake wa koridoni ubaki umefungwa, dirisha likiwa wazi. Korido ni ya watu 24.

Kwenye daladala agizo lilikuwa "level seat", watu wakae wote, asisimame mtu. Lilikuwa agizo zuri. Lakini mvua za Aprili zikianza, vioo vyote vinafungwa, na gari la watu walioketi kwa mpangilio mzuri linakuwa chupa iliyozibwa kwenye foleni kwa saa nzima. Kioo kimoja mbele na kimoja nyuma upande wa pili, vikiachwa wazi upana wa kiganja, vinafanya kazi kubwa hata mvua ikinyesha. Konda aliyepewa chupa ya kitakasa mikono angepewa na amri hiyo pia.

Barakoa nazo zilitiwa shaka kwa sababu ushauri uligeuka katikati ya safari. Hadi Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa halijashauri raia wote wazivae. Tarehe 5 Juni likasema ndiyo, na barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu. Fundi cherehani anahitaji vipande vya sentimita 25 kwa 15. Kitenge kilichofumwa kwa kubana kinafaa. Kiinue juani, kama unaona mwanga unapenya kwa vitundu, tafuta kingine. Kinachoharibu barakoa nyingi ni pengo la puani. Shona ndani ya ukingo wa juu kiwaya chembamba kinachokunjika, ukibane juu ya mfupa wa pua. Mwenye miwani ana kipimo chake tayari: miwani ikipata ukungu, hewa inavujia juu. Barakoa ikilowa jasho au mate ibadilishwe, kwa hiyo mtu anayeshinda sokoni anahitaji angalau mbili kwa siku, na jioni zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni.

Je, kunawa kulikuwa kazi bure? Hapana kabisa. Sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaokizunguka kirusi hiki, na mikono safi hukinga kipindupindu na kuhara, ambavyo havikwenda likizo kwa ajili ya korona. Ila hata hapo ujumbe ulikuwa nusu. Hesabu: watu 24, kila mmoja anawe mara 6 kwa siku, kila mara nusu lita. Hiyo ni lita 72, karibu madumu manne, kila siku, na maji yananunuliwa. Nani analipa? Ndoo ya koki iliyowekwa mlangoni kwa shangwe mwezi wa tatu ilikuwa kavu mwezi wa nne, na ugomvi wa zamu ya kuijaza ukawa mkubwa kuliko ugomvi wa umeme.

Nyumba kama hiyo inafaa kibuyu chirizi. Dumu la lita 5 linatobolewa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, sentimita kama 10 chini ya mdomo, linaning'inizwa kwa fimbo iliyopita kwenye mkono wake, fimbo imelazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba inafungwa shingoni mwa dumu, inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kidogo tu, na hugusi koki ambayo kila mwenye mikono michafu ameishika kabla yako. Tundu likiwa kubwa maji yanakwisha upesi. Kamba ikiwa fupi mno, dumu linabaki limeinama na kumwaga usiku kucha. Sabuni ya kipande huibwa au huliwa na kunguru, kwa hiyo changanya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kifuniko, ining'inize pembeni. Chini weka kokoto, la sivyo panakuwa dimbwi la mbu.

Jiki nayo ilitumika kwa kubahatisha, mara harufu ikizidi, mara maji yakiwa kama hayana kitu. Kama lebo inasema asilimia 3.5, vijiko 2 vya chakula kwenye lita 1 ya maji vinatosha kwa vitasa, koki na kiti cha choo. Osha kwanza kwa sabuni, maana uchafu huimaliza nguvu Jiki kabla haijafika kwenye virusi. Paka, iache dakika moja ibaki mbichi, ndipo ufute. Mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, tengeneza mpya. Usiichanganye kamwe na siki, limau au dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, na choo cha uani kisicho na dirisha si mahali pa kukutana na gesi hiyo. Wala mtu asipuliziwe mwilini.

Kujifukiza kunahitaji kusemwa kwa heshima, kwa sababu watu walikimbilia nyungu pale ambapo hospitali hazikuwa na dawa ya kuwapa. Mvuke hulegeza makamasi, na mtu aliyeziba pua hupata nafuu ya kweli. Kirusi kilichoingia ndani ya chembe za mapafu hakifikiwi na mvuke huo. Joto la kukiua lingeua mapafu kwanza. Hatari iliyonitia hofu zaidi ni blanketi. Mama, mtoto na shangazi mgonjwa chini ya blanketi moja kwa dakika kumi wanavuta pumzi za mgonjwa bila hewa nyingine yoyote. Anayejifukiza na awe peke yake, sufuria iwe imeipuliwa na kukaa sakafuni, na mtoto mdogo asikaribie. Maji yaliyochemka yameunguza wengi.

Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na haikusogea tena kwa muda mrefu. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipimwa zikaonyesha korona, na imani katika vipimo ikayumba. Kwa mtu wa kawaida kukosa namba kulikuwa mzigo mzito: huwezi kujua kama leo ni afadhali ya jana. Lakini hatari ya mahali inaweza kupimwa bila takwimu. Japani iliwafundisha watu wake mapema, Machi 2020, wakwepe mambo matatu: mahali palipofungwa, palipojaa watu, na mazungumzo ya karibu. Soko la wazi lina moja au mawili kati ya hayo. Kikao cha harusi sebuleni kina yote matatu. Kwa kipimo hicho mtu angeweza kuamua aende gengeni bila kutetemeka, na kikao akakifanyie uani.

Na akiugua mtu nyumbani, wasiwasi upewe kazi ya kufanya. Kipimajoto cha mlangoni chenye umbo la bastola hakimkamati anayeambukiza siku mbili kabla ya dalili, wala hakisemi hali ya mapafu. Pumzi zinasema. Mgonjwa apumzike dakika tano, asiongee. Tazama tumbo au kifua kikipanda, hesabu kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha, maana kosa la pumzi moja linakuwa nne. Usimwambie unahesabu, atabadilisha pumzi bila kutaka. Mtu mzima huwa kati ya 12 na 20. Zikizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi bila kukata, midomo ikawa ya bluu, au akaanza kuchanganyikiwa, asisubiri asubuhi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni za kumpeleka hospitali. Kwa homa, mtu mzima anaweza kunywa parasetamo vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, na asome paketi za dawa za mafua kwa sababu nyingi zina parasetamo hiyohiyo ndani. Kila unapohesabu, andika saa, idadi ya pumzi na dawa aliyomeza, asubuhi, mchana na usiku. Karatasi hiyo mkabidhi muuguzi mapokezi kabla hajaanza kuuliza.