Mbunifu majengo anasomea nini miaka 5?

Anayejenga nyumba Dar es Salaam mara nyingi huanza kwa fundi, na fundi ndiye humtafutia "mtu wa ramani". Ndiyo maana wengi huuliza: ikiwa mhandisi anahakikisha jengo halianguki, mkadiriaji majenzi anapiga hesabu ya gharama na fundi anajenga, mbunifu majengo kazi yake ni ipi hasa?

Jibu liko kwenye namna anavyofundishwa. Mhandisi ujenzi husoma miaka 4, na sehemu kubwa ni hesabu: uzito, udongo, zege, nondo. Boriti itabeba au haitabeba, na jibu linahakikiwa. Mbunifu pale Chuo Kikuu Ardhi husoma miaka 5, na muda wake mwingi huishia studio. Anapewa kiwanja na mahitaji ya watumiaji, anachora, anatengeneza mfano wa jengo, halafu anasimama mbele ya walimu kujitetea. Kwa nini ngazi iko hapa? Jua la jioni litapiga chumba kipi? Upepo wa kusi utaingilia wapi na kutokea wapi? Darasa zima linaweza kuleta majibu tofauti, na kadhaa yakakubalika.

Tazama Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nguzo zake zinatanuka juu kama miavuli ya zege iliyopinduliwa. Zinabeba paa, na umbo hilohilo linakusanya maji ya mvua, huku chini wafanyabiashara wakipata kivuli na hewa. Hesabu ilihitajika, tena ngumu, lakini hesabu peke yake isingezaa wazo la kuyatatua yote hayo kwa umbo moja.

Hata hivyo, mafundi wana lalamiko la haki. Mchoro unaonyesha choo ghorofa ya kwanza, juu kabisa ya sebule. Bomba la inchi 4 halina pa kushukia. Fundi bomba anachukua nyundo na tindo, anaitoboa boriti ambayo mhandisi aliipigia hesabu kwa makini. Mwanafunzi aliyechora hivyo angeweza kusifiwa studio, kwa sababu studio haina bomba.

Wahandisi wahitimu wana mpango wa mafunzo kazini wa miaka 3 chini ya bodi yao. Wabunifu nao hufanya kazi chini ya wazoefu kabla ya kusajiliwa, ila mara nyingi ni ofisini, mbele ya kompyuta.

Kwa maoni yangu, studio isipunguzwe hata kidogo. Ihamishiwe saiti kwa sehemu. Mwanafunzi akichora bafu, akae na fundi bomba siku ya kulilaza bomba lake. Na wanafunzi wa uhandisi waitwe kwenye utetezi wa michoro ya wenzao tangu mwaka wa pili, waulize maswali ya boriti mapema, mchoro ungali karatasini.