Dakika 10 za Nani?

Nani aliyezihesabu hizi dakika 10 wanazotuandikia kwenye maelekezo ya kupika mboga za kukaanga? Nataka nimwone tu, sina ugomvi naye. Nimkabidhi kisu, karoti 3, pilipili hoho 2, kabichi nusu, brokoli, uyoga, kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kilichojikunja kama kidole cha mgonjwa wa baridi yabisi, halafu nivute kiti nikae pembeni na saa yangu.

Maana jana nilimwamini. Mke wangu alikuwa amechelewa kurudi, watoto wananitazama kama mtu anayedaiwa, nami nikatangaza kwa sauti ya mkuu wa kaya: leo mboga za kukaanga chapchap, dakika 10 tu! Binti yangu akainua macho kwenye saa ya ukutani. Huyu mtoto ana tabia mbaya ya kuangalia saa.

Dakika 10 zilipoisha nilikuwa bado namenya kitunguu saumu. Zile punje za katikati, nyembamba kama kucha, ganda limegandana na nyama hata hujui uanzie wapi. Unaminya, unabaki na ganda mkononi, punje yenyewe imeshajitosa chini ya jiko.

Nikarudi kuyasoma maelekezo upya, na hapo ndipo nilipougundua ujanja. Kwenye orodha ya mahitaji pameandikwa: "karoti 3, zilizomenywa na kukatwa vijiti vyembamba." Zilizomenywa! Na nani? Mwalimu wangu wa Kiswahili alinifundisha kauli ya kutendwa, ila hakunionya kwamba siku moja itatumika kunidhulumu jikoni. Kazi ya nusu saa nzima imefungiwa ndani ya kitenzi kimoja, na saa yao inaanza kuhesabu baada ya hapo.

Na hivyo vijiti eti viwe sawasawa. Changu kimoja kilitoka kama njiti ya kiberiti, cha pili kama mguu wa stuli. Nikasema potelea mbali, vyote si vinakwenda tumboni? Kumbe njiti inaungua wakati mguu wa stuli bado unalia kwachu, kwachu mdomoni.

Tukaja kwenye moto. "Moto mkali," wanasema, nami moto mkali nauweza. Mafuta yakapata, nikatupia kitunguu saumu kwanza kama nilivyozoea, nikageuka kuchukua karoti. Nimegeuka tu! Niliporudisha uso kilikuwa kimeshakuwa cheusi, kinatoa harufu chungu ya kukaripia. Kutoa sikutoa. Nani atamenya kingine?

Halafu mboga nilikuwa nimeziosha, kuzikausha sikuzikausha. Maji yalipokutana na yale mafuta, jiko likaanza kunirushia risasi. Nikashika mfuniko kama ngao, mkono mmoja nyuma, nakaanga kwa kuchungulia. Binti yangu akafungua madirisha yote bila kuambiwa.

Sasa ilikuwa dakika ya 52. Mtu wa dakika ya 52 hana subira, kwa hiyo nikamimina zote kwa mkupuo: karoti, hoho, kabichi, brokoli, uyoga, na chumvi juu yake ili mambo yaende. Kikaango kikasema chwaaa... kikanyamaza. Mwanzo nikafurahi kwamba kimetulia. Kisha nikasikia pwata, pwata, pwata. Kuchungulia, naona bwawa. Kabichi inaogelea.

Kijana wangu wa sekondari, ambaye hajawahi kuchemsha hata yai, akaja kuegemea mlango na kuanza kunisomesha. Eti, baba, uyoga na kabichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukijaza kikaango, joto linashuka, maji yanatoka, na chumvi uliyoiwahisha inazidi kuyavuta. Na maji yakiwepo, joto halipiti nyuzi 100, wakati ile rangi ya hudhurungi na harufu yake tamu inataka kama 140 hivi. Hapo hukaangi, baba, unachemsha. Ungetia kidogo kidogo, karoti zitangulie, majani yaje mwisho. Akanitajia na Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeyaeleza mambo ya hiyo rangi mwaka 1912.

Nikamuuliza kama huyo Mfaransa alikuwa anamenya mwenyewe. Hakuwa na jibu. Sayansi ina mipaka yake.

Bwawa lazima likaushwe, nikakumbuka wanga wa mahindi unafanya mchuzi uwe mzito. Ni kweli unafanya, ukiukoroga kwanza kwenye maji baridi. Mimi niliutia mkavu, kijiko kikubwa kizima, juu ya mvuke. Yakatokea madonge meupe yenye ngozi laini, yanaibuka na kuzama. Nikayafukuza kwa mwiko, yananikimbia. Nikamalizia na sosi ya soya ili kuficha rangi, nikiwa nimesahau kwamba nayo ni chumvi tupu, na chumvi tulishatia.

Nikapakua. Watoto wakakaa kimya, wakiangalia sahani kama wanaoangalia karatasi ya mtihani. Binti yangu akauliza kwa adabu zake zote: "Baba, tuchukue uma au kijiko?"

"Vyote," nikamwambia.

Wakala, siwezi kuwasingizia. Madonge waliyapanga ukingoni mwa sahani kama mifupa ya samaki. Mimi nilikuwa naangalia sinki. Maana lile sharti jingine, la kuweka kila kitu kwenye bakuli lake kabla hujawasha moto, nilikuwa nimelitii kikamilifu: mabakuli 9, mbao za kukatia 2, visu 3, mwiko, upawa, kikaango, na ule mfuniko niliopigania vita.

Ndipo mke wangu akaingia. Akaweka mkoba mezani, akatazama sinki, akatazama madirisha yalivyo wazi, akanigeukia akiwa na wasiwasi wa kweli:

"Wageni wameondoka saa ngapi?"