Mkia juu, kafi chini

Majirani zangu hapa Michigan hunicheka. Kila Jumamosi ya Juni natoka na kayaki kumtafuta karpi, samaki ambaye wao humwita takataka. Wenye pinde humchoma mshale, kisha humtupa pipani. Mimi nilikulia Naivasha, ambako karpi aliingia ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haikupita miaka kumi akawa ndiye anayejaza mizani za wavuvi. Kwetu amelipa karo za watoto. Nikisikia "takataka" naudhika kidogo, nakiri.

Tena hakujileta huku. Mnamo 1877 Tume ya Samaki ya Marekani ilimwagiza kutoka Ujerumani, ikamfuga kwenye mabwawa ya Baltimore na baadaye Washington. Watu walipitia kwa wabunge wao kuomba vifaranga, vikasambazwa kwa treni nchi nzima. Halafu wakaanza kumlaani: anang'oa majani, anavuruga maji. Hilo ni kweli, na simtetei.

Ninachobisha ni kwamba anayemdharau hajawahi kumvizia kwenye maji ya magotini. Kukaa ukingoni na punje za mahindi kwenye ndoana, kengele juu ya fimbo na kiti cha kukunja, nao ni uvuvi, sawa, ila ni wa kubahatisha. Mimi nataka nimwone kwanza.

Ziwa St. Clair, lililo mpakani mwa Michigan na Kanada, lina kina cha wastani cha mita 3 na ushei, na pembezoni pana sehemu kubwa ambazo mtu anaweza kutembea. Jua likiwa mgongoni, na miwani inayokata mng'ao machoni, huanzi kwa kuona samaki. Unaona wingu la tope linafuka chini bila sababu. Kisha ncha ya mkia inachomoza juu ya maji, inayumba, inazama, inachomoza tena. Huyo kichwa kiko chini, anakula, ndiye wako. Anayeota jua mwache, anayepita mbio mwache. Na wale wanaorukaruka kando ya matete wakitaga mayai, hata usijisumbue, chakula hakimo akilini mwao.

Hapo sasa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuendelea kupiga kafi. Karpi ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio la ndani, kwa hiyo mlio mdogo tu unamfikia. Mwaka jana nililaza kafi bila kufikiri, likagonga ubavu wa kayaki: ko! Samaki saba au wanane waliokuwa wametulia wakatimka kwa mpigo mmoja, nikabaki natazama michirizi ya tope ikielekea kilindini. Siku hizi nimegandisha vipande vya sponji ukingoni mwa kayaki, na mita 20 za mwisho kafi silishiki kabisa. Nina upondo, kama ule wa mitumbwi ya pwani. Nauchomeka topeni polepole, mengine nauachia upepo.

Wapo wanaosisitiza kusimama, eti unaona mbali. Unaona mbali, ndiyo, na wewe unaonekana mbali vilevile. Mimi hukaa.

Chambo usimdondoshee kichwani. Kitupe kimpite, ukivute juujuu mpaka kifike mbele ya sharubu zake, ndipo ukiache kizame. Na usingoje kuvutwa! Anafyonza na kutema kabla mkono haujahisi lolote, kwa kuwa meno yake yako kooni na midomo yake ni laini. Tazama kichwa. Kikigeuka kidogo, kaza mshipi.

Jumamosi iliyopita nilikaza, kayaki ikageuka yenyewe, nikakokotwa hadi matetani huku mshipi ukilia kwenye kigurudumu chake cha fimboni. Ilipita karibu robo saa kabla sijamlaza kwenye wavu, magamba yana rangi ya shaba kuukuu. Nilipokuwa namrudisha, mzee mmoja mwenye boti ya injini akapunguza mwendo aulize nimepata nini.

"Karpi."

"Ah! Wanatuchafulia maji hao," akasema, akaongeza moto akaondoka. Rafardha yake ilichimbua tope lote la pale, ikafunika mikia mitatu niliyokuwa nimeiwekea macho.