Posa, Betri Kavu na Harufu ya Mayai Viza

Ukienda kuposa Marangu, wewe mwoaji kazi yako ni moja: kukaa kimya. Wanaoongea ni washenga. Ukishatoa shikamoo zako, unakunja mikono mapajani na kutazama zulia mpaka ujue maua yake yote.

Upande wetu aliongoza baba mdogo, mzee wa maneno, pamoja na shangazi aliyebeba blanketi la bibi. Ilikuwa Januari, jua linachoma hata huko migombani. Baba mdogo akanisifia: "Kijana wetu ni fundi sola, ana kibanda chake Moshi mjini."

Mzee wa nyumba akacheka sana. "Fundi? Hapa fundi ni mimi! Kuna vijana waliniwekea kidubwasha katikati ya paneli na betri, kila ikifika saa sita kinanikatia umeme. Nikaking'oa. Sasa moto unaingia moja kwa moja!"

Wazee wenzake wakampigia makofi. Mimi jasho likaanza. Hicho kidubwasha ni kontrola, na kilikuwa kinakata kwa sababu betri imeshiba. Betri kavu ya volti 12 haitaki makuu: ikifika kama volti 14.4 inatosha, halafu ishushwe ikae 13 na pointi, iendelee kunyonya taratibu. Paneli haijui hayo. Ya wati 150 ikipigwa na jua kali inasukuma karibu amp 8, na itaendelea kusukuma hata betri ikilia.

Nikageuza macho polepole. Waya mwekundu umeingilia dirishani, umeshuka nyuma ya kochi. Kochi nililokalia mimi.

Siku nyingine pengine tusingepata shida, maana televisheni ingekula ule umeme. Lakini siku hiyo, kwa heshima ya wageni, ilikuwa imezimwa. Kila kitu kikawa kinaingia kwenye betri moja ndogo ya amp-saa 40 (mafundi tunasema amp 40 tu, ndicho kipimo cha umeme inaoweza kubeba) ambayo ilikuwa imejaa tangu asubuhi.

Mbege ikaletwa, kata ikazunguka. Ilipofika kwangu, harufu nayo ikafika. Mayai viza, tena yale ya kulaliwa yakaachwa. Mazungumzo yakapungua kasi. Bibi mmoja akavuta kanga puani. Macho ya sebule nzima yakakutana kwangu.

Shangazi akanifinya ubavuni. "Wewe! Hata leo?"

Nikafungua mdomo, akanikanyaga mguu. Mwoaji haongei.

Mama mkwe mtarajiwa, Mungu ambariki, akajaribu kuniokoa. "Labda ni yule kuku anayetagia nyuma ya kochi." Lakini mzee mmoja wa upande wao alikuwa ameshapata pa kuanzia. Akakohoa. "Kabla hatujafika mbali, tungependa kujua habari za magonjwa ya ukoo. Hasa ya tumbo."

Baba mdogo akasimama wima. "Kwenye ukoo wetu, mzee wangu, hakuna tumbo!"

Nyuma yangu nikasikia fsss, fsss. Hiyo ni vali. Betri kavu ikichajiwa kistaarabu, gesi zake hurudi kuwa maji humohumo ndani, ndiyo maana haina vifuniko vya kuongezea maji. Ikizidishiwa, inapumulia nje, na maji yaliyotoka hayarudi tena.

Baba mdogo, ili kuua harufu, akatoa sigara na kiberiti.

Hapo mila ilibidi ingoje. Harufu ile ni ya gesi ya salfa, inakera tu kama ni kidogo. Inayolipuka ni haidrojeni, na hiyo haina harufu ya kumwonya mtu. "USIWASHE!" Nikampokonya kiberiti, nikafungua madirisha, nikanyakua blanketi la bibi mikononi mwa shangazi, mbio hadi banda la ng'ombe. Sikutaka kung'oa waya kwenye betri maana cheche moja tu ingetumaliza. Nikapanda bati na suti yangu, nikaifunika paneli gubigubi. Ng'ombe wakanitazama. Wakwe nao, kupitia dirishani, wakanitazama. Nikasikia bibi akiuliza, "Kwao posa wanafanyia juu?"

Tulipovuta kochi baadaye, betri ilikuwa imevimba mbavu kama ng'ombe aliyekula majani yenye umande, ya moto hata huigusi, stika yake imekunjamana. Mzee akaizunguka kimya. Kisha akarudi kwenye kiti na kutaja mahari: mbuzi, mbege, blanketi jingine kwa kuwa hili limeshapanda bati, na betri kavu ya amp 200.

Baba mdogo hajui amp ni kitu gani, ila kupunguza anajua. "Mia mbili ni nyingi, mzee wangu! Sisi tuna mia." Wakavutana mpaka wakakubaliana 150. "Basi pokea sabini na tano mwanzo, na sabini na tano baada ya harusi."

Mimi moyoni naugulia. Betri mpya ukiifunga na iliyokwishachakaa, ile ya zamani inaiburuza mwenzake. Nikamnong'oneza shangazi, naye akasimama kwa sauti tamu: "Na kontrola tutaiongeza sisi bure, iwe zawadi."

Mzee akatikisa kichwa. "Mbuzi nitapokea. Kidubwasha, hapana."